Udongo wa Owino Uhuru

Nimewahi kumwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu betri kuukuu za gari, nikahesabu fedha zangu, nisiulize zinakokwenda. Betri za namna hiyo zilifika Owino Uhuru, Mombasa, ambako kuanzia 2007 hadi 2014 kiwanda kiliziyeyusha kupata risasi (madini, si ya bunduki), ukuta kwa ukuta na nyumba za watu.

Sumu ya risasi haina harufu. Mama haijui kwa kumtazama mwanawe. Hujulishwa na kipimo cha damu, na kipimo hicho kimo mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo mimi, nikilifikiria shauri lile, huanzia Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, haki ya kupata habari, kabla ya shilingi bilioni 1.3 walizopewa wakazi mahakamani Julai 2020. Mahakama iliagiza pia mahali pale pasafishwe katika miezi minne. Zikafuata rufani, hata Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ile.

Fidia hugawanywa kwa orodha ya majina. Udongo je? Nani ataupima ukishasafishwa, na karatasi ya vipimo itabandikwa wapi mama yule aisome?