Barua Mbili za Umoja wa Afrika na Mgogoro wa .africa

Aprili 2026 ndio mwezi uliopangwa na ICANN, shirika la California linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti, kufungua dirisha la maombi ya vikoa vipya kwa ada ya dola 227,000. Mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa 2012. Kati ya maombi 1,930 ya mwaka huo, Afrika ilipeleka 17 tu, na mawili kati ya hayo yaligombea jina moja: .africa. Wengi husema tulikwama kwa sababu ya ada. Ada ya wakati huo ilikuwa kubwa kweli, lakini waombaji hawa wawili waliilipa, na bado kikoa kilichelewa miaka mitano. Kilichokichelewesha ni barua.

Agosti 2009 Kamisheni ya Umoja wa Afrika iliiandikia DotConnectAfrica, taasisi ya Sophia Bekele, mzaliwa wa Ethiopia, barua ya kuiunga mkono. Aprili 2010 ikaifuta. Baadaye ilitangaza zabuni, ikashinda kampuni ya Afrika Kusini ya UniForum SA, iliyokuja kuitwa ZACR. Watetezi wa Kamisheni hujibu kwamba mali ya bara zima haipaswi kukabidhiwa mtu bila ushindani. Sawa kabisa, ila zabuni hutangulia sahihi, haiifuati. Na barua hiyo haikuwa ya adabu tu, kwa maana kanuni za ICANN zilimtaka mwombaji wa jina la bara aungwe mkono na asilimia 60 ya serikali zake. Kufuta barua kulikuwa kumnyang'anya mtu mtaji.

Kisa kilichofuata kinaelezwa vizuri kuliko popote katika uamuzi wa jopo la wasuluhishi wa Julai 2015. Aprili 2013, mjini Beijing, kamati ya serikali inayoishauri ICANN iliipinga DotConnectAfrica. Juni bodi ikakubali ushauri huo na kusimamisha ombi. DotConnectAfrica ikalalamika mbele ya jopo, nalo lilipochunguza liliona kwamba kamati haikutoa sababu na bodi haikuuliza. Likaamua kwamba ICANN ilikiuka katiba yake yenyewe, ombi lirudishwe kwenye mchakato, na gharama ilipe ICANN. Ikabainika pia kwamba watumishi wa ICANN walikuwa wameisaidia Kamisheni kuandika barua ya kuiunga mkono ZACR. ICANN ilijitetea kwamba walitumia kielelezo kilichokuwa wazi kwa kila mwombaji. Hoja hiyo ina uzito wake kisheria, lakini refa anayemwandikia mchezaji mmoja barua ya usajili asishangae mashabiki wakizomea.

Hata hivyo ushindi wa Bekele haukumpa kikoa. Ombi liliporudishwa likakwama palepale, kwenye asilimia 60. Mwaka 2016 akaenda mahakamani Marekani, na kwa muda akafanikiwa kuzuia ZACR isikabidhiwe kikoa. Zuio halikudumu: Februari 2017 .africa ikaingizwa kwenye mfumo chini ya ZACR, na Julai ikafunguliwa kwa kila mtu. Mwaka 2019 jaji wa Los Angeles akaimaliza kesi kwa hoja ambayo hata wakili wa kijijini angeiona: mbele ya wasuluhishi, DotConnectAfrica ilidai kwamba kanuni zimeizuia kwenda mahakamani, hivyo uamuzi wa jopo lazima uifunge ICANN; kisha, baada ya kunufaika na dai hilo, ikaenda mahakamani. Hapo lawama ni yake, si ya Kamisheni.

Wapo wanaouliza jina lina kazi gani, ilhali Kenya ina .ke na Tanzania ina .tz. Lina kazi kwa anayeuza kuvuka mipaka, ambaye kikoa cha nchi moja humfunga kwenye soko moja, na ada za usajili wake zingebaki barani. Lakini miaka ile ya 2012 hadi 2017 ndiyo iliyowazoesha wachuuzi wa Kariakoo na Gikomba kuuza kwa WhatsApp na Instagram, wala .africa haikuwapo ili wachague. Kanuni ya kuungwa mkono na serikali bado ipo kwa majina ya kijiografia. Atakayeomba jina la mji au eneo lake safari hii aidai ofisi inayomwandikia barua imweleze, kwa maandishi na kabla hajalipa, ni nani anaweza kuifuta na kwa sababu zipi.