Uwanja mmoja, watumiaji wawili: abiria na jeshi katika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere

Ukipanda daladala ya Gongo la Mboto kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam, utapita Tazara, kisha Jet, kisha kondakta atataja Airport. Ukiendelea mbele kidogo unafika Banana, Ukonga, ambako wenyeji wanataja sana jina la Airwing. Hapo ni kwenye kambi ya jeshi la anga. Abiria anayekwenda Mwanza kumwona mgonjwa na mwanajeshi anayekwenda kazini wanatumia eneo moja, na ndege zao zinaruka kutoka kwenye njia kuu ileile.

Katika makala hii tunaeleza ilikuwaje hata ikawa hivyo, nani anasimamia nini, faida na hatari zake, na mambo ambayo msafiri kutoka mkoani anapaswa kuyajua.

Ilianzaje?

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (JNIA) uko kama kilomita 12 kusini-magharibi mwa katikati ya jiji, kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Uko Wilaya ya Ilala, jirani na Temeke.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na jeshi hilo la kurithi kutoka kwa Mwingereza likavunjwa. Septemba 1, 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Jeshi jipya lilihitaji ndege, marubani na mafundi. Ujerumani Magharibi ilianza kusaidia, lakini wataalamu wake waliondoka 1965 kwa sababu ya mvutano juu ya uhusiano wa Zanzibar na Ujerumani Mashariki. Kanada ikachukua nafasi hiyo hadi 1970, ikatoa mafunzo na ndege za usafirishaji aina ya Otter na Caribou.

Nchi changa haikuwa na fedha za kujenga viwanja viwili vikubwa katika mji mmoja. Njia ya kurukia ndege, mnara wa kuongozea, matangi ya mafuta na magari ya zimamoto ni vitu vya gharama kubwa. Baadaye ilijengwa kambi kubwa ya ndege za kijeshi Ngerengere, mkoani Morogoro, kwa msaada wa China, lakini jeshi halikuondoka Ukonga. Mwanza nako, uwanja wa abiria na kambi ya jeshi la anga ni majirani.

Nani anasimamia nini?

Majengo ya abiria yako chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA). Waongozaji wa ndege, wale wanaomwambia rubani lini atue na lini aruke, wako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Kambi na ndege za kijeshi ziko chini ya JWTZ.

Angani, hata hivyo, hakuna ukuta. Ndege mbili haziwezi kuwa kwenye njia moja kwa wakati mmoja, iwe ya jeshi au ya abiria. Ndiyo maana mara nyingine rubani huwatangazia abiria kwamba wanasubiri kidogo. Inaweza kuwa ni msongamano wa kawaida, msafara wa kiongozi, au ndege ya serikali iliyopewa nafasi kwanza.

Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, unahusu ndege za kiraia. Ndege za jeshi, polisi na forodha zinahesabiwa kuwa ndege za dola na haziongozwi na mkataba huo. Lakini mkataba unazitaka nchi, zinapotunga kanuni za ndege zao za dola, zizingatie usalama wa ndege za kiraia. Maana yake ni kwamba jeshi lina kanuni zake, ila haliruhusiwi kumsahau abiria.

Faida iko wapi?

Faida ya kwanza ni gharama: njia moja inahudumia wote. Ya pili ni haraka. Wanajeshi wanapotakiwa kwenda kwenye maafa au kulinda amani nje ya nchi, wana pa kuondokea. Desemba 7, 2017 wanajeshi 14 wa Tanzania waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, wakiwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa. Miili yao ilirudishwa kwa ndege Dar es Salaam.

Na hatari?

Kambi ya jeshi inaweza kulengwa na adui, na uwanja wa abiria ulio jirani ukaumia. Uganda ililiona hilo Julai 1976. Makomando wa Israeli walipovamia Entebbe usiku kuokoa mateka wa ndege ya Air France, waliharibu pia ndege za kivita za Uganda zilizoegeshwa kwenye uwanja huohuo.

Hatari nyingine haihitaji adui. Aprili 29, 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala, Temeke. Watu zaidi ya 20 walikufa. Haikupita miaka miwili, usiku wa Februari 16, 2011, yakalipuka maghala ya kikosi cha 511 KJ, Gongo la Mboto, kilomita chache kutoka uwanja wa ndege. Hapo pia walikufa zaidi ya watu 20. Familia zilikimbia gizani, watoto wakapotezana na wazazi, na maelfu wakapata hifadhi Uwanja wa Uhuru. Uwanja wa ndege ulilazimika kufungwa kwa muda.

Ghala hilo halikuwa ndani ya uwanja. Lakini usiku ule ulionyesha kwamba silaha, makazi na ndege za abiria vikikaribiana mno, ajali ya mmoja inakuwa ya wote.

Majirani wanabeba mzigo gani?

Mji umekua hadi kwenye uzio, na uwanja nao umehitaji kupanuka. Wakazi wa Kipawa, nyumba zao zilifanyiwa tathmini 1997, lakini fidia ilikuja zaidi ya miaka 10 baadaye, wakati bei ya viwanja na ya saruji ilikuwa imepanda sana. Wa Kipunguni walisubiri muda mrefu zaidi. Kwa msikilizaji wa kijijini aliye karibu na kiwanja au kambi, somo ni moja: kabla ya kununua au kujenga, ulizia mpaka wa eneo ofisi ya kijiji na ya ardhi wilayani, na tunza kila karatasi ya tathmini.

Ukienda JNIA, zingatia haya

Soma tiketi yako ujue jengo. Kwa kawaida Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti 1, 2019 na lenye uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, ni la safari za nje. Jengo la Pili, lililofunguliwa 1984, ni la safari za ndani. Jengo la Kwanza ni la ndege ndogo na za kukodi.

Usipige picha kambi, ndege za jeshi wala askari. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inakataza kupiga picha maeneo ya ulinzi bila kibali. Kama huna uhakika, weka simu mfukoni au muulize mlinzi.

Usivae nguo zinazofanana na sare za jeshi, hata kama ni mitumba uliyouziwa mnadani. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa raia kuzisalimisha.

Na popote ulipo, ukiona chuma usichokijua kinachofanana na bomu, usikiguse wala usikiuze kama chuma chakavu. Waondoe watoto, kisha toa taarifa polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji.