Giza la Songo Songo na siri ya picha bora ya galaksi

Na Mwandishi Wetu

KATIKA ramani ya nishati nchini, Songo Songo ni kisiwa cha gesi. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ilianza kusafirishwa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 hadi Ubungo, Dar es Salaam, kwa ajili ya kuzalisha umeme. Kadiri taa za jiji zilivyoongezeka, ndivyo nyota zake zilivyopungua. Mkazi wa Sinza au Kariakoo anayetazama juu usiku huona nyota za kuhesabika, ilhali mvuvi aliye baharini mbali na taa, katika wilaya hiyo ya Kilwa inakotoka gesi, huona Njia Nyeupe ikikatiza anga kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa swali linaloulizwa na watu wengi wanaovutiwa na picha za anga: ni nini hasa kinachoifanya picha ya galaksi iliyopigwa na mtu wa ridhaa, yaani asiyelipwa kwa kazi hiyo, ihesabiwe kuwa bora? Wengi hudhani jibu ni bei ya kamera. Wazoefu wa fani hiyo hutaja kwanza giza, kisha muda, utulivu na uaminifu. Bei huja nyuma ya hayo yote.

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, pamoja na gesi na vumbi, unaoshikiliwa na nguvu ya mvutano. Jua letu ni nyota moja katika galaksi ya Njia Nyeupe. Jirani yetu mkubwa ni Andromeda, iliyo umbali wa takribani miaka ya nuru milioni 2.5. Mwanga unaoingia kwenye kamera usiku wa leo uliondoka huko kabla binadamu wa sasa hajawapo duniani.

Watu wa ridhaa wana historia ndefu katika jambo hili. Mtaalamu wa nyota wa Uajemi, al-Sufi, aliitaja Andromeda katika kitabu chake cha mwaka 964 kuwa ni wingu dogo. Desemba 1888, Isaac Roberts, mhandisi kutoka Wales aliyekuwa akichunguza nyota kwa ridhaa, aliipiga picha iliyodhihirisha mikono yake inayojiviringisha, jambo ambalo jicho lilikuwa halijawahi kuliona. Mwaka 1923, Edwin Hubble aligundua katika picha ya Andromeda nyota inayobadilika mng'ao, na kwa nyota hiyo akathibitisha kuwa Andromeda iko nje kabisa ya galaksi yetu.

Nafasi ya pwani ya Kilwa

Songo Songo iko takribani nyuzi 8.5 kusini mwa Ikweta. Nafasi hiyo ni hazina kwa mpiga picha, kwa sababu anga zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, humfikia. Kutoka hapo Andromeda hupanda hadi kiasi cha nyuzi 40 juu ya upeo wa kaskazini. Upande wa kusini huonekana Mawingu mawili ya Magellan, galaksi ndogo zinazoandamana na yetu. Lile kubwa, lililo umbali wa takribani miaka ya nuru 160,000, hufikia karibu nyuzi 30. Mkazi wa London hayaoni kamwe mawingu hayo. Aliyeko Cape Town huyaona vizuri, lakini kwake Andromeda huishia takribani nyuzi 15 tu, karibu na ukungu wa upeo.

Zaidi ya hayo, Andromeda na Wingu Dogo la Magellan hufikia kilele kwa wakati unaokaribiana sana. Katikati ya Oktoba jambo hilo hutokea baada ya saa tano usiku, na katikati ya Novemba ni kati ya saa tatu na saa nne. Mtu aliyesimama ufukweni huweza kupiga galaksi moja, akageuka, akapiga ya pili.

Sifa za picha bora

Sifa ya kwanza ni weusi wa anga. Mwaka 2001, Mmarekani John Bortle alipendekeza kipimo cha madaraja tisa, kuanzia anga safi kabisa hadi anga ya katikati ya jiji. Mikono ya galaksi ina mwanga hafifu mno, na mng'ao wa taa za mjini huufunika kabla haujafika kwenye kamera. Hakuna lenzi inayoweza kurejesha kilichokwisha kufunikwa.

Sifa ya pili ni wingi wa mwanga uliokusanywa. Picha ya galaksi haitokani na mbofyo mmoja. Mpiga picha huchukua fremu nyingi, kisha huziunganisha kwa programu ya kompyuta. Fremu nne hupunguza chengachenga kwa nusu; ili kuzipunguza kwa nusu tena zinahitajika fremu kumi na sita. Ndiyo maana picha nzuri hula usiku kadhaa.

Sifa ya tatu ni nyota zilizo nukta duara hadi pembezoni mwa picha. Dunia inapozunguka, anga huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa, na kamera isiyofuata mwendo huo huchora nyota kama mistari. Kwa lenzi ya milimita 50 juu ya stendi isiyozunguka, sekunde 10 zinatosha kuanza kuharibu picha. Dawa yake ni stendi yenye mota, iliyoelekezwa sawasawa kwenye ncha ya anga. Hapa Songo Songo ina ugumu wake: ncha ya kusini iko nyuzi 8.5 tu juu ya bahari, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu. Kuelekeza stendi kunadai subira.

Sifa ya nne ni uwiano. Kiini cha galaksi hung'aa sana kuliko kingo zake. Picha bora huonyesha kiini kisichoungua na kingo zisizopotea. Rangi nazo husema kweli: njano ya nyota kongwe katikati, buluu ya nyota changa mikononi, uwaridi wa mawingu ya haidrojeni, na michirizi myeusi ya vumbi. Anga la nyuma huwa jeusi kiasi, bila kuwa kama lami, kwa maana weusi uliopitiliza humeza kingo hafifu za galaksi.

Ya tano ni uaminifu. Kurekebisha mwanga na rangi ni sehemu halali ya kazi. Kupandikiza kisichokuwapo ni udanganyifu. Thamani ya uaminifu huo ilidhihirika mwaka 2022, pale watu wa ridhaa, Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, walipogundua karibu na Andromeda utando mkubwa wa gesi ya oksijeni ambao haukuwa unajulikana. Walitumia darubini yenye kipenyo cha milimita 106 na kukusanya mwanga kwa zaidi ya saa 100. Mwaka 2023 picha yao ilishinda tuzo ya juu ya mashindano ya picha za anga ya Greenwich, Uingereza. Kama kawaida yao ingekuwa kupaka rangi wanavyopenda, hakuna ambaye angeamini utando ule.

Namna ya kuanza

Andromeda ina upana wa kiasi cha nyuzi tatu angani, sawa na miezi mpevu sita iliyopangwa safu. Kwa hiyo anayeanza hahitaji darubini kubwa. Lenzi ya milimita 135 hadi 200 inatosha. Programu za kuunganisha fremu, kama DeepSkyStacker na Siril, hupatikana bila malipo.

Kalenda yake hufanana na ya wavuvi wa dagaa wa pwani hiyo, ambao hutoka usiku wa giza la mwezi. Hata hivyo, taa zinazovuta dagaa huweza kuharibu picha, hivyo ni vyema kuelekeza kamera mbali na mashua. Miezi ya katikati ya mwaka ina mawingu machache, lakini upepo wa kusi hutikisa stendi. Oktoba, upepo unapolegea na kabla vuli haijashika, huwa na nafasi nzuri. Aidha, chumvi na umande wa bahari hushambulia lenzi, hivyo ifutwe kwa kitambaa laini maalumu.

Giza nalo ni mali

Umeme ni haki ya mwananchi wa Kilwa kama ilivyo kwa wa Dar es Salaam, na hakuna anayepaswa kuambiwa akae gizani ili wengine wapige picha. Lakini taa iliyofunikwa juu, yenye kumulika chini inakohitajika, humwangazia mpita njia vilevile na hupunguza umeme unaopotea angani. Uamuzi huo ni rahisi kabla nguzo hazijasimikwa kuliko baada yake.

Dar es Salaam haikuulizwa kama ilitaka kuipoteza Njia Nyeupe. Ilipotea taa baada ya taa, bila mtu kugundua. Vijiji vya pwani ya Kilwa bado vina nafasi ya kuulizwa.