Kani zinazoongoza seli: Historia fupi na funzo kwa istilahi zetu

MWAKA 1665, Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande chembamba cha gome la mti kwa hadubini, akaona vijumba vilivyopangana kama masega ya nyuki. Akaviita kwa neno la lugha yake lenye maana ya chumba kidogo. Neno hilo ndilo tulilolitohoa likawa ‘seli’.

Jina hili lakini linapotosha kidogo. Chumba hakitembei, ilhali seli nyingi hutembea. Mtoto anapoumbika tumboni, kidonda kinapopona, hata saratani inaposambaa, seli huhama. Je, nani huzielekeza?

Mwaka 1907, Mmarekani Ross Harrison alitumbukiza tishu ya kiinitete cha chura ndani ya tone la limfu, akashuhudia nyuzi za neva zikirefuka. Baadaye aliziwekea seli utando wa buibui, nazo zikaambaa papo hapo juu ya nyuzi zake. Katika miaka ya 1930, Paul Weiss, mzaliwa wa Vienna, alionyesha kwamba plazma iliyoganda ikivutwa, nyuzi zake hujipanga upande mmoja na seli hufuata mpangilio huo.

Hata hivyo, kwa muda mrefu watafiti wengi waliegemea kemikali: eti seli hunusa tu njia yake. Kumbe pia hupapasa! Mwaka 1980, Albert Harris na wenzake waliweka seli juu ya utando mwembamba wa mpira wa silikoni. Utando ukakunjamana. Seli isiyoonekana kwa macho ilikuwa ikiuvuta.

Mwaka 2000, Chun-Min Lo, Yu-Li Wang na wenzao walitandika sakafu yenye upande laini na upande mgumu. Seli zilizotoka upande laini zilivuka mpaka. Zilizotoka upande mgumu zilifika mpakani zikageuka. Mwaka 2018, Elias Barriga, Roberto Mayor na wenzao walithibitisha jambo hili ndani ya kiinitete cha chura wa Kiafrika: seli fulani huanza safari pale tishu iliyo chini yake inapokazana.

Basi tuyaeleze haya kwa neno lipi? ‘Nguvu’ limebebeshwa mzigo mkubwa mno: nguvu za umeme, nguvu za serikali, nguvu za mwili. Walimu wa sayansi Tanzania hutumia ‘kani’. Nasi tulikumbatie. Aidha, tabia ya seli kuelekea penye ugumu tuiite ‘ufuataugumu’, hadi atakapojitokeza mwenye neno bora.

Huu si mchezo wa maneno. Uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi huwa mgumu kuliko tishu iliyouzunguka. Ndiyo maana vidole huugundua. Mama akiuliza mbona ugonjwa umehama, asiambiwe tu, “Umesambaa.” Anastahili maelezo kamili, kwa lugha anayoielewa. Hooke hakuagiza neno kutoka mbali. Alichukua la chumbani. Sisi tunangoja nini?