Irente: Maelezo kwa Wanaozuru Ukingo wa Mandhari Wilayani Lushoto

Irente ni eneo la kutazama mandhari lililopo kwenye ukingo wa Milima ya Usambara Magharibi, kilomita zipatazo 6 kutoka mjini Lushoto, mkoani Tanga. Mgeni atokaye Dar es Salaam au Arusha huacha barabara kuu katika mji wa Mombo, kisha hupanda kilomita zipatazo 33 kupitia Soni. Kutoka Lushoto mjini, Irente hufikiwa kwa miguu, bodaboda au gari.

Ukingoni hapo mwamba umekatika ghafla, na tambarare iko karibu mita 1,000 chini yake. Siku angavu huonekana Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika ya Umasai. Hata hivyo, ukungu huweza kutanda kwa muda mfupi na kuuficha ukingo wenyewe.

Kwa sababu hiyo, wananchi wanashauriwa kukaa mbali na ukingo wakati wa ukungu au mawe yanapokuwa yameloa, kuwashika watoto mkono, na kutorudi kinyumenyume wanapopigwa picha. Aidha, taka zirudishwe mjini, kwani kitupwacho gengeni huishia kwenye miteremko na mashamba yaliyo chini.