Pumu: Dawa ya kila siku haingoji ukohoe

Nina pumu, na kila asubuhi na usiku navuta dawa ya kuizuia. Jamaa huniuliza: "Mbona wavuta dawa na wewe ni mzima?" Jawabu langu ni kuwa uzima huo ndio kazi ya dawa yenyewe.

Pumu ni uvimbe wa njia za hewa, na uvimbe huo huwapo hata siku ambazo kifua hakilii. Inhela ya buluu, salbutamol, hufungua njia kwa dakika chache lakini haiuondoi uvimbe. Ya kuzuia, kama beclometasone, ambayo mara nyingi huwa ya kahawia, huupunguza polepole kwa siku na wiki. Ukiiwacha kwa sababu umepata nafuu, uvimbe hurudi kimyakimya. Anayefaa kukupunguzia dozi ni daktari, kwa kawaida baada ya kifua kutulia kiasi cha miezi 3.

Wengi huogopa wakisikia ni steroidi. Si ile ya wanyanyua vyuma. Mvuto mmoja huwa na mikrogramu 50 au 100 hivi, na dawa huenda moja kwa moja kifuani. Madhara ya kawaida ni sauti kukwaruza na utando mweupe mdomoni, na yote mawili hupungua ukisukutua.

Namna ya kuvuta:

1. Tikisa inhela, kisha toa pumzi yote.
2. Ibane kwa midomo, bonyeza huku ukivuta polepole.
3. Zuia pumzi kwa hesabu ya 10.
4. Ngoja kiasi cha nusu dakika kabla ya mvuto wa pili.
5. Sukutua kama unavyotawadha, na uyateme maji.

Mtoto atumie kile chombo cha plastiki kinachoungwa na inhela. Hata mtu mzima humfaa.

Ukisahau dozi, vuta ukikumbuka. Ikiwa ya pili imekaribia, usizivute mbili pamoja. Hesabu pia: inhela ya mivuto 200, kwa mivuto 4 kwa siku, huisha siku ya 50, hata kama bado yatoa mvuke. Na usitegemee dawa huku umekaa kwenye moshi wa udi au makaa.

Mwezi wa Ramadhani, dozi mbili huangukia vyema baada ya futari na wakati wa daku. Lakini kifua kikikubana mchana, vuta ya buluu. Ya swaumu utamuuliza shekhe baadaye.

Ukivuta ya buluu na hupati nafuu, huwezi kumaliza sentensi, au midomo yageuka rangi, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, ukiendelea kuivuta njiani.