Wanzuki wa Mlima Kenya: Pombe ya Asali na Miwa katika Meru na Embu

Muratina ni jina la tunda kabla ya kuwa jina la pombe. Tunda lenyewe ni la mwegea, mti wa nchi ya joto ambao maua yake mekundu hufunguka usiku na kuchavushwa na popo. Matunda yake huning'inia kwenye vikonyo virefu kama kamba, mengine yakizidi nusu mita kwa urefu na kilo kadhaa kwa uzito. Likiwa bichi lina sumu, na hata likikauka halina utamu wowote wa kumfaa mpika pombe. Linatakiwa kwa sababu ya nyuzi zake, ambazo ndizo makao ya chachu. Mashariki na kusini-mashariki ya Mlima Kenya, kwa Wameru, Watharaka, Waembu na Wambeere, pombe iliyochachushwa kwa tunda hili ilikuwa kinywaji cha heshima vizazi na vizazi. Kiswahili kina majina mawili yanayoikaribia: wanzuki, ikiwa ya asali, na dengelua, ikiwa ya miwa. Wenyeji huita pombe kwa jumla ncobi upande wa Meru na njovi upande wa Embu, na majina yote mawili ni ndugu wa njohi ya Wakikuyu.

Watu wamezoea kuiita bia ya kienyeji, lakini kwa jinsi inavyotengenezwa ni divai. Bia hutokana na nafaka ambayo wanga wake lazima kwanza ugeuzwe sukari, ndiyo maana mtama au wimbi huoteshwa kabla ya kusagwa. Asali na maji ya miwa ni sukari tayari, kama yalivyo maji ya zabibu. Ethiopia ina tej, divai ya asali inayotiwa majani machungu ya gesho. Mlima Kenya haukuhitaji majani hayo, ukachukua njia ya mwegea.

Historia ya kinywaji hiki imefungwa na umbo la nchi. Kutoka ukingo wa msitu ardhi inateremka kwa migongo na mabonde hadi uwanda wa mto Tana, chini ya mita 1,000. Juu kuna baridi, mvua ya kutosha, migomba, viazi vikuu na miwa. Chini, Tharaka na Mbeere, kuna jua, mtama, uwele, mbuzi na migunga. Asali nyingi ilitoka chini, miwa ikatoka juu, na mwegea hupenda bonde lenye joto kuliko baridi ya mlimani. Kwa hiyo hata mzee wa Embu aliyekamua miwa ya shamba lake mwenyewe alihitaji tunda lililokua kwenye joto. Charles Ambler, katika kitabu chake cha 1988 kuhusu jamii za Kenya ya kati mwishoni mwa karne ya 19, ameonyesha jinsi nchi ya juu na nchi ya chini zilivyoishi kwa kubadilishana: mifugo na mazao ya nyika yalipanda, chakula cha shamba kikashuka. Pombe ilikuwa sehemu ya mzunguko huo, kwa kuwa kibuyu kimoja kiliweza kuwa na jasho la nchi zote mbili.

Asali yenyewe haikuwa ya namna moja. Mizinga ilikuwa magogo yaliyochongwa na kutobolewa katikati, mara nyingi ya mti ambao wenyeji huuita muringa, yakazibwa pande mbili na kutundikwa juu ya miti mirefu mbali na nyegere na siafu. Mrina asali alipanda usiku na moshi mkononi. Msimu ulifuata mvua mbili za mwaka, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, kwa sababu nyuki hufuata maua na maua hufuata mvua. Asali ya kikwata na migunga mingine ya nyika ni nyepesi kwa rangi na laini mdomoni. Ile ya kando ya msitu, ambako nyuki huzunguka aina nyingi za miti, huwa nyeusi zaidi na nzito, na mara nyingine ina uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Tofauti hiyo haipotei katika kuchacha. Mnywaji mzoefu huweza kukisia asali ilitoka upande gani, na huu ni ujuzi ambao haukuhitaji kitabu wala cheti.

Utengenezaji wa pombe ya miwa ulikuwa kazi ya siku nzima na ya watu wengi. Miwa ilikatwa, ikamenywa, ikakatwakatwa vipande na kutwangwa katika kinu cha gogo mpaka nyuzi zikalegea. Makapi yalikusanywa kwa viganja na kukamuliwa, yakatiwa maji kidogo na kukamuliwa tena. Pombe ya asali ilikuwa nyepesi kwa kazi ila ngumu kwa gharama: asali pamoja na masega yake ilivurugwa katika maji ya vuguvugu, nta ikaelea na kuondolewa. Kuanzia hapo njia zikaungana. Tunda la mwegea lilikuwa limepasuliwa kwa urefu, likachemshwa, likaanikwa juani hadi likawa kama kipande cha sponji kavu, kisha likafundishwa kazi kwa kulowekwa katika pombe iliyokwisha kuchacha. Hapo ndipo chachu ilipojishika kwenye nyuzi. Wanasayansi waliochunguza muratina wamekuta humo zaidi Saccharomyces cerevisiae, chachu ileile inayoumua mkate na kuchachusha divai ya Ulaya. Vipande vilitumbukizwa katika kibuyu kikubwa, kibuyu kikawekwa karibu na moto usiowaka kwa nguvu, na mtu mmoja akapewa zamu ya kukilinda. Siku ya kwanza husikika mchemko mdogo ndani, kama maharage yanayoanza kuiva. Mchemko ukipungua, pombe iko tayari.

Ikiwa tayari haingojei mtu. Ya miwa hasa huanza kuwa kali na chungu baada ya siku chache, na mwishowe huwa siki. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyoifanya ibaki kinywaji cha kijiji na bonde, na isiwe bidhaa ya safari ndefu. Divai ya Ufaransa ilipata chupa na kizibo. Kibuyu cha Meru kilipata wageni walioalikwa kwa siku maalumu, na wakamaliza.

Wageni hao walikuwa wazee. Pombe haikuwa kinywaji cha kukata kiu wala cha kila aliyekuwa na uwezo wa kuinunua. Ilikuwa ya mwanamume aliyeoa, aliyelea na kupanda ngazi ya rika, na kijana shujaa alitarajiwa kukaa mbali nayo kwa sababu kazi yake ilikuwa kulinda mpaka. Mwenyeji alionja kwanza mbele ya wote, ili ijulikane hakuna sumu wala ubaya ndani, kisha pembe ya ng'ombe au kata ikazunguka kwa kufuata umri. Tone lilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Katika Meru, baraza la Njuri Ncheke lilipoamua kesi, faini ilikuwa ya mifugo, na kinywaji kilikuwa sehemu ya kufunga shauri. Mabaraza ya wazee wa Embu na Mbeere yalifanya vivyo hivyo. Kikao kilichokwisha bila kibuyu kilihesabiwa kama hakijaisha. Katika posa ya Kimeru, mahari, yaani ruracio, ilihesabiwa kwa vitu vichache vilivyowekwa kwa desturi: ng'ombe, fahali, kondoo jike, kondoo dume na chombo cha asali. Asali hiyo haikuletwa kwa ajili ya chai.

Ladha basi ilikuwa na walinzi wawili, nchi na wazee. Ukoloni haukuigusa nchi mara moja, ila uligusa wazee mapema. Jeshi la Waingereza lilivunja upinzani wa Embu mwaka 1906 na boma likajengwa hapo, na Meru ikapata boma lake mwaka 1908 chini ya E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi. Sheria ya mamlaka ya wenyeji ya 1912 iliwapa machifu na wazee wa vijiji uwezo wa kutoa amri za kuzuia au kupunguza upikaji wa pombe. Kuanzia 1925 mabaraza ya wenyeji ya wilaya nayo yakaanza kutunga kanuni zake. Ambler, katika uchunguzi wake wa udhibiti wa pombe katika Kenya ya kikoloni kati ya 1900 na 1939, anaonyesha jambo ambalo mtu hatarajii: maofisa wa serikali na wazee wengi walikuwa upande mmoja. Vijana waliorudi kutoka kazi za mshahara walikuwa na fedha, na mwenye fedha hakuhitaji kungoja aalikwe. Wazee walilalamika kuhusu ulevi wa vijana, serikali ikaogopa fujo, na kila upande ukatumia sauti ya mwenzake. Lililokuwa suala la adabu likawa suala la kibali.

Misheni nazo ziliongeza kizuizi kingine. Waanglikana walifungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakaingia Meru mwaka 1912, na Wapresbiteri wakafika Chogoria na Daktari Irvine mwaka 1922. Kwa misheni za Kiprotestanti, kuacha pombe ilikuwa alama ya kubatizwa kweli. Wakatoliki walikuwa walegevu zaidi, na divai ya zabibu, kwa watu wengi wa milima hii, ilibaki muda mrefu ni kitu cha altare. Mkristo mpya aliyekataa pembe kwenye ruracio ya dada yake alikuwa anakataa zaidi ya kinywaji, na ugomvi wa aina hiyo uligawa nyumba nyingi.

Mtu mmoja wa serikali alielewa uzito wa desturi hizo. H. E. Lambert, aliyekuwa ofisa Embu na Meru katika miaka ya 1930 na baadaye, alitambua kwamba Njuri Ncheke ilikuwa bado hai chini ya machifu wa serikali, akaisaidia kurudi katika utawala wa wazi. Baraza liliporudi, vikao vyake vilirudi na kibuyu chake.

Pigo la pili, lililoigusa nchi yenyewe, lilitoka shambani. Kahawa ya Waafrika ilianza kujaribiwa Embu na Meru katikati ya miaka ya 1930, na baada ya uhuru chai ikashika miteremko ya juu. Miwa ya kienyeji ilikuwa inakaa palepale pazuri palipotakiwa na mazao ya fedha. Sukari ya dukani ikaziba pengo, na hamira ya pakiti ikafuata. Pombe ya sukari na hamira huiva haraka na hulewesha, lakini haina nchi ndani yake, na huo ndio upungufu mkubwa wa muratina nyingi inayouzwa leo kwa jina hilo.

Chupa nayo ilikuwa imeshaingia. Kenya Breweries ilianza mwaka 1922, na bia yake ya Tusker ikawa kipimo cha mtu wa kisasa. Serikali huru ilirithi woga wa ile iliyoitangulia: sheria ya pombe za kienyeji ya 1971 iliweka upikaji chini ya leseni, na chang'aa, pombe kali ya kukenekwa, ikapigwa marufuku kwa sheria ya 1980. Kampuni ya serikali ya divai, Kenya Wine Agencies, iliyoanzishwa 1969, ilijaribu divai ya papai katika miaka ya 1980. Asali, iliyokuwa na historia ndefu kuliko papai lolote, haikupewa nafasi hiyo. Mwaka 2004 ilikuja bia ya pipa ya Senator, ya bei ya chini kwa sababu ya nafuu ya kodi, ikalenga palepale mfuko wa mnywaji wa kienyeji.

Sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo ilihalalisha chang'aa kwa masharti ya viwango, chupa na maonyo. Halafu ukaja Mei 2014, ambapo pombe iliyochanganywa na methanoli iliua makumi ya watu na kupofusha wengine, Embu ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mwaka uliofuata Rais Uhuru Kenyatta aliamuru vita dhidi ya pombe hatari, na misafara ya kumwaga na kuvunja ikapita. Katika joto hilo watu wachache walijali kutofautisha. Methanoli ya sumu ile ilitoka viwandani, haikutoka katika asali. Pombe iliyochachushwa tu, bila kukenekwa, haifikii ukali wa spiriti. Mapipa ya muratina yalimwagwa hata hivyo pamoja na yale ya sumu.

Tangu ugatuzi wa 2013, leseni za vileo ni kazi ya serikali za kaunti, kwa hiyo Meru, Embu na Tharaka-Nithi zina uwezo wa kutenganisha pombe ya asali na nyingine. Muratina bado huonekana zaidi kwenye ruracio na vikao vya wazee, ambako hupikwa kwa kiasi cha siku hiyo. Asali ya mahari katika nyumba nyingi sasa huhesabiwa kwa fedha. Pale inapopikwa kwa desturi, vipande vya mwegea havitupwi baada ya kazi: hutolewa kibuyuni, huanikwa juani na kuhifadhiwa vikavu, maana chachu iliyomo ndiyo itakayoanzisha pombe inayofuata.